Majina Saba, Siwa Mara Tatu

Mwalimu aliyepewa kazi ya kumfundisha Mize uungwana alikuwa mjomba wake, ndugu wa mama yake wa tumbo moja, ila mwenyewe hakuwa na habari.

Kila asubuhi kwa siku tatu Mwinyi Faki alimpokea kwenye chumba cha mafunzo cha Nyumba ya Nasaba kwa upole wa mtu anayepokea mgeni, akamuuliza kama lifti imemchosha, akamsogezea kikombe cha kahawa. Ncha ya sikio lake la kushoto ilikuwa bado imekatika, pale ilipobanwa na mlango wa chuma siku alipomtoa Mize, mtoto wa miaka minane wakati huo, kwenye bomba la hewa alimokwenda kujificha. Siku ya kwanza Mize alimwita Mjomba kwa makusudi, huku amemkazia macho. Faki akatabasamu.

"Ni heshima nzuri, binti," alisema, "lakini hapa niite Mwinyi."

Mize aliumia, akanywa kahawa yake. Akaapa moyoni kwamba yeye hatamtolea mtu wake tabasamu la namna ile, hata wampe mji mzima.

Mji wenyewe uliitwa Mwambao, ingawa bahari ya karibu ilikuwa umbali wa miezi saba angani. Waliouchimba ndani ya ardhi nyekundu ya Mirihi walitoka pwani, wakaondoka na jina, na vyungu, na kiburi chao. Bahari haikuchukulika.

"Leo ni somo la mwisho," Faki alisema siku ya tatu. "Jinsi watu walivyopewa ukubwa. Sikiliza vizuri, maana kesho ni zamu yako."

Zamu yake ilitokana na mpasuko. Miezi miwili nyuma ukuta wa magharibi ulichanika, na Mize, fundi wa hewa, aliziba ufa kwa bamba la chuma akaliegemea kwa mgongo wake saa tatu nzima mpaka gundi ikashika. Nusu ya mji, wakubwa wakiwemo, ilikuwa inapumua kwa sababu ya mgongo ule. Desturi ya Mwambao ilikuwa wazi: aliyeokoa mji hupewa uungwana, akitaka.

"Huko duniani," Faki alianza, akiwa amekunja mikono tumboni, "kwenye nchi za baridi mfalme alimpigisha mtu goti, akamgusa mabega kwa upanga, yule mtu akainuka bwana. Mashariki ya mbali walimfungia kijana kwenye kijumba siku tatu na wino na karatasi. Insha yake ikipendeza, ukoo mzima umepanda. Ng'ambo ya bahari ya magharibi palikuwa na watu ambao ukikamata mateka wanne vitani kwa mkono wako, unavaa joho la wakubwa."

"Na sisi?"

"Sisi tulilisha." Faki alichangamka. "Pwani, mtu aliyetaka kuwa jumbe aliwaita wakubwa waliomtangulia akawachinjia ng'ombe, akawapikia mchele, siku baada ya siku, mpaka wote washibe na wakubali. Ndipo akafungwa kilemba, siwa, ile pembe ya wakubwa, ikapigwa."

"Kwa hiyo walikuwa wananunua."

"Nimesema walilisha, binti, sikusema walinunua."

"Na mwenye ng'ombe mmoja?"

Faki alicheka puani, kicheko kile kile cha nyumbani, na Mize akalazimika kuangalia ukutani. "Mwenye ng'ombe mmoja alibaki na ng'ombe wake," Faki alisema. "Ndiyo maana sisi hapa tuna haki zaidi. Hatuangalii mifugo."

"Wa kwanza hapa Mwambao walipewa na nani?"

"Hawakupewa. Walisema." Faki aliliona swali hilo kuwa la kitoto, akalijibu kama anavyojibiwa mtoto. "Meli ilishuka na nyumba arobaini za wenye mali, na mafundi na vibarua wao. Hapakuwa na vyeti vya nasaba. Kila mkubwa akasimama mbele ya Msajili akataja majina saba ya waliomtangulia, siwa ikapulizwa mara tatu, Msajili akaandika."

"Nani alihakikisha majina?"

"Siwa ilipulizwa."

"Siwa haina macho, Mwinyi."

"Ndiyo maana tukaleta kilemba, miaka sitini baadaye," Faki alisema, akaenda kukichukua.

Mize alimjua Msajili vizuri. Ni mtambo uliokaa chini ya ukumbi wa baraza, mkubwa kama chumba cha kulala, na ndiye aliyeshika milango yote ya mji, kura zote na daraja zote, kwa sababu waanzilishi hawakuaminiana wakaona bora waamini chuma. Hakuna aliyeweza kubadilisha amri zake. Mara mbili kwa mwaka Mize alitambaa chini ya tumbo lake kusafisha mabomba ya kupozea joto, na mle ndani, mahali ambapo muungwana hawezi kuingiza joho lake, sheria ilikuwa imechongwa kwenye bati kwa herufi za kidole kizima: MAJINA SABA YA WALIOKUTANGULIA, MBELE YA BARAZA, SIWA MARA TATU. Aliisoma miaka kumi akiwa amelala chali na vumbi machoni. Hapakuwa na neno kilemba.

Faki alirudi nacho kwenye sinia. Kilikuwa kitambaa cheupe, kizuri, cha kutamanika. Ndani yake zilipita nyuzi elfu nne nyembamba kuliko unywele. Zikipata joto la kichwa, alieleza, zinatafuta mahali ambapo ubongo umewaweka watu wako: sauti zao, harufu zao, namna walivyokuita. Zinapafagia. Halafu zinapanda wengine, mababu saba wa kiungwana, wenye majumba ya mawe na mashamba na misafara, na mtu akisimama kuwataja anawataja kwa machozi ya kweli.

"Hawawezi kukaa wote pamoja, wa zamani na wapya?"

"Tulijaribu, zamani. Mwanamke mmoja alikaa mwaka mzima na mama wawili wanaogombana kichwani mwake. Alijitupa." Faki alikunja kitambaa taratibu. "Ni bora kufagia. Hakuumi."

"Nikishafungwa, nitakumbuka kwamba nilikuja kwa ajili ya udongo?"

"Neno utalikumbuka. Ila hutaona linakuhusu." Alifikiri kidogo, kisha akamnyooshea kiganja cha kulia, kisafi. "Mimi nilipoamka nilikuta mtu ameniandikia hapa. UDONGO, kwa wino mweusi. Nikadhani wauguzi wananitania, nikanawa."

Aliyemwandikia alikuwa mama yake Mize. Mize alikuwepo, ndiye aliyeshika taa.

*

Mwambao ulijengwa kinyume cha miji ya duniani. Chini kabisa, penye ardhi nene na salama, ndiko walikokaa waungwana. Juu, chini ya paa, walikaa wengine wote, na huko kuliitwa Darini. Paa la Darini lilikuwa la chuma kitupu. Mionzi ya angani iliyapita mabati yale bila kubisha hodi, ikawaingia watu machoni, mifupani, na kwenye matumbo ya wajawazito. Dawa yake ilijulikana tangu siku ya kwanza: mita tatu za udongo mwekundu juu ya paa, kazi ya mitambo ya kuchimba kwa miezi mitano. Mitambo ilikuwepo. Udongo, Mungu awasamehe, ndio ulikuwa kitu pekee ambacho Mirihi ilikuwa nacho cha kumwaga. Kilichokosekana ni ruhusa ya baraza, na baraza lilikuwa la waungwana arobaini, ishirini wakitaka, ishirini hawataki, na kura zikilingana Mwinyi Mkuu ndiye mwenye neno. Neno lake lilikuwa hapana kwa mwaka wa kumi na moja. Mitambo, alisema, ina kazi ya kupanua bustani za chini.

Kura moja tu. Faki alishuka kwenda kuwa kura hiyo, miaka kumi na minne iliyopita, wakati Darini nzima ilimsindikiza kwa vigelegele mpaka mlangoni pa lifti. Siku ya pili akapiga kura ya hapana. Hakuhongwa, hakutishwa. Aliulizwa kuhusu paa la watu asiowajua, akaona bustani ni muhimu zaidi.

Bi Nunu alikuwa anafua sare za askari Mize alipofika. Macho yake yalikuwa yameanza kufunga ukungu, lakini mikono ilijua doa lilipo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Bado unanijua?"

"Mama, bwana."

"Nauliza tu. Siku hizi watu wa kwetu wakishuka wanapata maradhi ya kusahau." Alikamua shati, akalitundika. "Umeamuaje?"

Mize alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Nikikubali, kura inakuwa yetu mpaka watakapofunga kitambaa. Wakishafunga, inakuwa yao. Nikikataa, hakuna kura."

"Kuna wengine walifungwa wakabaki na huruma. Wapo ishirini huko chini wanaosema ndiyo."

"Huruma yao haijaleta hata koleo moja."

"Si hoja." Bi Nunu aliacha kufua. "Nisikilize, Mize. Mtoto wa Riziki amezaliwa juzi hana kope. Kama kuna nafasi hata ndogo kwamba utashuka ukabaki na huruma, nenda. Mimi nimezaa, nimelea, nimekutukana mpaka ukanyooka. Kazi yangu nimeimaliza. Ukinipita njiani ukaniita 'mama wa dobi', nitalia wiki moja, halafu nitafua."

Alisema hayo bila kutetemeka, na hilo ndilo lililomvunja Mize. Alilia hapo hapo, kwa sauti, kamasi zikimtoka, kama mtoto. Alikuwa na hasira pia. Hasira kwamba mtu anaombwa atoe mama yake ili apate udongo, na udongo umejaa nje mpaka upeo wa macho.

"Sitaki," alisema alipoweza kusema. "Sitaki kukuacha na sitaki kumwacha mtoto wa Riziki. Wao wana haki gani ya kunichagulisha?"

"Haki hawana. Wana mlango."

Mize alijifuta uso kwa shati la askari, Bi Nunu akamnyang'anya akalirudisha kwenye povu. Ndipo Mize akamweleza habari za bati lililo tumboni mwa Msajili. Bi Nunu alisikiliza mpaka mwisho.

"Majina saba ya waliokutangulia," alirudia. "Hawakusema lazima wawe na majumba?"

"Hawakusema."

"Basi shika. Mimi, Nunu. Mama yangu Mwaka, alipika kwenye jiko la kwanza. Mama yake Tabu, alikung'uta vumbi kwenye vichujio mpaka mapafu yakafa. Mama yake Siwema, mkunga. Mama yake Mosi, alichimba. Mama yake Kijakazi, ndiye aliyekuja na meli, akachomelea paa hili hili linalotuua. Alipewa jina hilo na waliomleta, akakataa kulibadilisha, akasema nataka waione aibu yao kila wakiniita."

"Sita. Wa saba?"

"Simjui. Kijakazi hakumtaja mama yake."

"Nitaje jina lolote. Wao si wanataja watu wasiokuwepo?"

"Jaribu," alisema Bi Nunu, "nikuchape na sare mbichi. Usinitungie mtu. Tafuta."

*

Siwa ya Mwambao ilikuwa ya shaba, ndefu kama mtu mzima, na aliyeipuliza aliitwa Makungu. Kazi aliirithi kwa baba, na baba kwa babu, kwa sababu ya mwiko mmoja ambao waanzilishi waliutia ndani ya Msajili kwa majivuno yao wenyewe: kupuliza ni kazi ya pumzi na jasho, na muungwana hafanyi kazi. Muungwana akiigusa siwa, hata kwa kidole, Msajili anamfuta kwenye daraja siku hiyo hiyo. Kwa hiyo hapakuwa na muungwana hata mmoja ambaye hakuumbwa na pumzi ya mtu asiyemsalimia.

Mize alimkuta Makungu kwenye chumba chake nyuma ya ukumbi, anasugua shaba kwa majivu. Alikuwa mtu wa makamo, mfupi, mwenye kifua cha pipa na uso wa kununa.

"Ami Makungu, habari za kazi?"

Alimwangalia kwa mshangao kidogo. "Nzuri. Wewe ndiye wa kesho?"

"Ndiye."

"Nitakupulizia vizuri. Ule mpasuko ulikuwa karibu na kwangu." Alirudi kusugua. Mize akamweleza yote bila kupunguza, kwamba atasimama bila kilemba na atahitaji pumzi yake, na alipomaliza Makungu alikuwa ameweka kitambaa chini.

"Nina mabinti wawili," alisema. "Tunakaa huku chini kwa sababu ya hii siwa. Wakinitoa, tunapanda Darini kesho yake. Wewe unaniomba niwapandishe wanangu kwenye mionzi."

"Nakuomba ufanye kusiwe na mionzi."

"Maneno mazuri. Nikipuliza halafu kura isitoshe?"

Mize hakutaka kumdanganya. "Basi nitakuwa nimekuponza," alisema.

"Baba yangu alimpulizia mjomba wako nilipokuwa nabeba mfuko wa siwa," Makungu alisema. "Wakati wanamfunga kilemba alikuwa anataja majina ya watu wa Darini, haraka haraka, kama mtu anayebana vitu kwapani nyumba ikiungua. Halafu akanyamaza." Alichukua kitambaa chake. "Usiniombe, binti. Nenda. Sitaki kukuahidi kitu halafu nije kukimeza mbele za watu."

Mize aliondoka bila ahadi.

*

Ukumbi wa baraza ulijaa kabla ya saa nne asubuhi. Waungwana arobaini walikaa kwenye viti vya enzi vilivyopangwa nusu duara, vilemba vyeupe, majoho meusi. Askari sita walisimama milangoni na virungu vyao, wote watu wa Darini, sare zimepigwa pasi na Bi Nunu. Juu ya jukwaa kulikuwa na kigoda, sinia, Mwinyi Faki amesimama kando yake, na Makungu nyuma na siwa yake begani. Ajenda ilikuwa na mambo mawili: kumtawaza Mize, na kura ya udongo. Mwinyi Mkuu aliipanga hivyo kusudi, ili wale askari wa Darini waone kwa macho yao fundi wao akisema hapana.

"Keti, binti," Mwinyi Mkuu alisema. Alikuwa mzee mwembamba mwenye sauti ya kubembeleza. "Weka viganja magotini. Ni nusu saa tu."

Mize hakuketi. Alisimama kando ya kigoda, kichwa wazi, nywele zake za kusuka mistari zikionekana na kila mtu.

"Msajili," alisema, "nakuja na majina saba."

Sauti ya mtambo ilitoka sakafuni, isiyo ya mwanamume wala mwanamke. "Nasikiliza."

"Bado!" Mwinyi Mkuu aliinua mkono. "Hajafungwa kilemba."

"Sheria haina kilemba," Mize alisema. "Niliisoma nikiwa chini ya tumbo lake. Kama nasema uongo, Msajili anikatalie."

Kila mtu alisubiri mtambo ukatae. Mtambo ulirudia tu, "Nasikiliza."

"Nunu, mfua nguo," Mize alianza. "Mwaka, mpishi. Tabu, aliyekufa kwa vumbi la vichujio ili ninyi mpumue. Siwema, mkunga, na baadhi ya babu zenu wa kweli aliwapokea yeye, niulizeni ni nani mkitaka. Mosi, mchimbaji. Kijakazi, mchomeleaji wa paa."

Minong'ono ilipanda. Mtu alicheka, mwingine akasema aibu, aibu. Mize aliwaacha. Jina la saba alikuwa amelitafuta usiku kucha na alfajiri amelipata, na alitaka lisikike vizuri. Alimgeukia mtu aliyeshika sinia.

"Wa saba ni Faki, ndugu wa mama yangu. Alikatika sikio akinitoa kwenye bomba. Alinitangulia kuja hapa kuwaombea watu wa Darini udongo, na mkamfagia."

Faki alimwangalia kwa huruma ya kweli, na hiyo huruma ilikuwa mbaya kuliko matusi. "Binti," alisema kwa upole, "umechanganya watu. Mimi si mjomba wako."

"Najua hukumbuki, Mjomba," Mize alisema. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Mimi nakumbuka kwa niaba yako."

"Majina saba," alisema Msajili. "Nasubiri siwa."

Vichwa arobaini vyenye vilemba vikamgeukia mtu mmoja mfupi mwenye uso wa kununa, na huenda ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake kwamba wote walimwona kwa pamoja.

"Makungu," Mwinyi Mkuu alisema, "weka siwa chini."

Makungu aliitoa siwa begani.

"Mwinyi," Makungu alisema, "wewe mimi nilikupulizia miaka kumi na miwili iliyopita. Jina la baba yangu unalijua?"

Mwinyi Mkuu alitazama viti vya jirani, kama anayetafuta wa kumnong'oneza.

Makungu akapuliza. Sauti ya siwa haikuwa ya kupendeza, ilikuwa pana na nzito, iliingia kwanza kwenye meno. Waungwana watatu waliruka jukwaani kumzuia na wote watatu wakasimama ghafla hatua moja mbele yake, mikono hewani, vidole vimefunguka, kwa sababu hakuna aliyekuwa tayari kuigusa. Wakabaki wanachezesha mikono pale kama watu wanaofukuza nyuki. Makungu akapuliza ya pili.

"Askari!" Mwinyi Mkuu alipiga kelele, sauti ya kubembeleza imekwisha. "Mnyang'anyeni!"

Askari waliruhusiwa kuigusa siwa. Wao hawakuwa na daraja la kupoteza. Aliyekuwa karibu zaidi ni mwanamke aliyeitwa Mwatime, jirani wa Riziki, na kirungu kilikuwa tayari mkononi. Alimwangalia Makungu, akamwangalia Mize, akaangalia sare yake mwenyewe. Hakuondoka mlangoni. Makungu akapuliza ya tatu, ndefu, mpaka kifua chake kikabonyea.

"Mize binti Nunu," alisema Msajili. "Amepokelewa."

Mize hakujisikia tofauti hata kidogo. Mama yake alikuwa bado yumo kichwani, na povu, na ile sare mbichi, na alishukuru Mungu kwa yote.

"Jambo la pili," mtambo uliendelea, kwa kuwa haukujua kusubiri watu wapoe. "Udongo juu ya Darini. Wanaotaka?"

Mikono iliinuka. Mize aliinua wa kwake juu kabisa, akahesabu kwa macho huku anajua jibu: ishirini na mmoja. Akahesabu tena. Walikuwa ishirini. Kwenye safu ya pili Mwana Shekue, bibi mwenye moyo mzuri aliyepeleka blanketi kuukuu Darini kila mwaka na kupiga kura ya ndiyo miaka yote kumi na mmoja, alikuwa amekunja mikono ndani ya joho.

"Mwana Shekue," Mize alisema, "wewe ni wetu."

"Niliwahurumia," Mwana Shekue alisema kwa ghadhabu. "Nyoka nyinyi. Niliwahurumia mkiwa huko huko juu. Sikusema mje mkae na mimi."

"Wasiotaka?" Msajili aliuliza. Ishirini na mmoja. Faki, akiwa na sinia mkono mmoja, aliinua ule mwingine kwa adabu pamoja na wengine.

Mwinyi Mkuu alirudi kitini polepole, akapanga joho lake. Rangi ilikuwa imemrudia. "Basi imekwisha," alisema. "Karibu barazani, Mwana Mize. Makungu, nenda ukafunge mizigo. Mabinti zako watapenda hewa ya juu."

Makungu alimwangalia Mize tu, na Mize aliona swali la jana limerudi usoni mwake, lile asilokuwa na jibu. Kura haikutosha. Alikuwa amemponza kweli. Alisikia aibu ikimpanda kutoka miguuni, na nyuma ya aibu, ikiisukuma kando, ikaja ile hasira yake, safi kabisa, ambayo haikuwa imekwisha tangu alipolia juu ya ndoo.

"Msajili," alisema. "Kura imefungwa?"

"Kura hufungwa baraza linapoinuka. Halijainuka."

"Viti ni vingapi?"

"Sheria haina idadi ya viti."

Mwinyi Mkuu alielewa kabla ya wengine wote. Alisimama kwa haraka hata kilemba kikamwinamia jichoni. "Mwana Mize," alisema, na sasa alikuwa anaomba kweli kweli, "fikiri. Wewe umeshapata. Umepata bila kupoteza mtu, hakuna aliyewahi. Ukimfanya kila mpita njia kuwa muungwana, uungwana wenyewe utabaki na maana gani?"

"Hakuna, Mwinyi," Mize alisema. "Hautakuwa na maana yoyote."

Aligeuka akaelekea mlangoni, na Mwatime alipomwona anakuja alijikaza kama mtu anayetarajia kofi.

"Unawajua saba?" Mize alimuuliza.

"Mimi?" Mwatime aliangalia nyuma yake, kukawa na ukuta tu. "Mize, mimi ni askari."

"Unawajua au huwajui?"

Mwatime alikiweka kirungu sakafuni kwa uangalifu, akavuta sare yake ikanyooka. "Watano kwa mama," alisema, "wawili kwa baba."

Nyuma yao, jukwaani, Makungu alikuwa ameshaanza kujaza kifua.

"Waseme," Mize alisema.